Mwizi Katika Orodha ya Marehemu

Wadogo zangu wa ofisi ya protokole, siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani na kuniomba niwaandikie machache kuhusu kazi yetu. Saa yenyewe imekwisha simama, kwa hiyo wakati ninao.

Sitaeleza nilipandishwa cheo lini. Mtacheka, na isitoshe habari hiyo haijazi hata nusu ukurasa. Nitawaeleza habari za viti, za mikrofoni, na za mama mmoja aliyeniomba nisome jina moja tu mbele ya watu. Nimesoma maelfu ya majina katika maisha yangu, na mengine nimeyasahau kabla mwenyewe hajaketi. Lile sijalisahau.

Niliingia ofisi ya mji wa Kamina miaka ya tisini ikianza, nikiwa na diploma, suruali moja nzuri, na imani kwamba protokole ni kazi ya kupeana mikono na wakubwa. Mkuu wangu alikuwa Mzee Mwilambwe, mtu mwembamba aliyevaa koti hata katika joto la Oktoba. Alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu, akakawia kwenye viatu.

"Weye unajua kubeba kiti?"

Nikamjibu kwamba nina diploma.

"Sikuulize diploma. Nilisema kiti."

Siku hiyo nilibeba viti kutoka parokia ya Wamethodisti mpaka uwanjani, nikavirudisha, na kesho yake nikabeba mabenchi ya Wakatoliki. Viti vya Wamethodisti vilikuwa vya chuma, vya kukunja, na viliuma vidole. Mabenchi ya Wakatoliki hayakumwuma mtu, lakini benchi moja lilihitaji wanaume wanne, na hao wanne kila mmoja alikuwa na maoni yake. Mwilambwe alinionya nisiweke viti vya kanisa moja mbele na vya kanisa lingine nyuma, maana Jumapili nitasikia habari zangu katika mahubiri mawili. Nilifanya kosa hilo mara moja tu.

Yeye hakuwa msemaji. Alichonifundisha nilikiona zaidi ya kukisikia. Kabla ya sherehe alikaa katika kila kiti cha mstari wa mbele, kimoja kimoja, akijitikisa, kwa sababu aliwahi kuona komisere, mkuu wa wilaya, akianguka chali wakati wa wimbo wa taifa. Katika saraka yake ya chini aliweka bendera moja ya zamani, ya buluu yenye nyota, ambayo ilikuwa imepigwa marufuku tangu mimi mtoto. Serikali ilipobadilika na nchi ikarudishiwa jina lake la kwanza, ofisi zote zilitafuta kitambaa cha buluu sokoni wasikione. Sisi tulikuwa na bendera mlingotini kabla ya saa mbili asubuhi. Wimbo nao ulirudi ule wa zamani. Wazee waliuimba kwa machozi, na sisi vijana tulifungua na kufunga midomo kama samaki.

Kesi yangu ngumu ya kwanza ilikuwa dakika ya kunyamaza. Waliotuletea desturi hiyo hawakuuliza kwanza. Kwetu, mtu akifika kilioni akaketi kimya, macho makavu, watu wanaanza kutazamana: huyu anajua nini kuhusu kifo hiki? Asiye na hatia analia, tena analia asikike mpaka barabarani. Sasa mkubwa anasimama mbele ya uwanja mzima na kuwaamuru watu wote wanyamaze kwa ajili ya marehemu. Mara ya kwanza nilipoliona jambo hilo, akina mama walitazamana kwa hofu, na kila mmoja akapaza kilio kuliko jirani yake, ili asije akadhaniwa mchawi. Mkubwa alidhani ni uasi, akaita polisi.

Mwilambwe alikuwa na dawa yake. Aliinua mkono wenye saa, akaitazama kwa uzito mkubwa, na baada ya sekunde kumi na mbili akasema, "Merci, mukae," yaani asante, ketini. Hakuna aliyewahi kulalamika. Kwa miaka mingi dakika ya Kamina ilikuwa na sekunde kumi na mbili, na marehemu wetu waliheshimiwa vizuri tu.

Kitu kingine ambacho protokole haina dawa yake ni wajukuu. Mnajua wenyewe kwamba kilioni wajukuu wana ruhusa ya kumtania marehemu. Wanavaa kofia yake, wanaiga mwendo wake, wanataja uroho wake mbele ya jeneza, na hakuna anayeruhusiwa kuwakasirikia. Marehemu asiyetaniwa amekufa bila watu. Katika sherehe za serikali hatukuwapangia wajukuu viti, tukidhani kwamba wasipokuwa na viti hawatakuja.

Kisha vikaja vita, vya kwanza na vya pili. Mwilambwe alikuwa amestaafu, amerudi kwao Kabongo kulima mahindi, na mikrofoni ilikuwa mkononi mwangu. Asubuhi moja mtu mwenye kofia aliingia katika chumba cha kungojea treni pale stesheni, akaacha valizi, sanduku la safari la kahawia, chini ya benchi, akatoka. Chumba kilijaa akina mama na mafurushi yao ya mihogo na samaki wakavu, wakingojea treni iliyokuwa imechelewa siku mbili. Ndani ya valizi kulikuwa na bomu. Mpaka leo hatujui ni magaidi wa upande gani waliomtuma mtu yule, ingawa kila upande umetueleza kwa uhakika kwamba ni wa upande wa pili.

Valizi ile ingelipuka palepale kama si Kalenga. Kalenga alikuwa mwizi wa mizigo. Simtukani, ndiyo kazi aliyoifanya, na alidumu katika kazi yake kuliko wengi wetu katika zetu. Aliona valizi haina mwenyewe, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaibeba, akakimbia. Akaruka reli, akapita kando ya maghala, na alipofika kwenye bomba la maji ambapo watu walikuwa wamepanga ndoo zao, bomu likalipuka. Alikufa yeye, na watu sita waliokuwa wakiteka maji. Akina mama wa chumbani walitoka na vumbi kichwani, basi.

Mchana ule nilitumwa kuandika majina. Niliandika nikiwa nimesimama. Kazi yangu ilikuwa kuandika watu watakaoketi. Kuandika hawa kuliniliza, nikalia mbele ya polisi, na polisi naye akalia.

Wiki ile ile mji uligawanyika kuhusu Kalenga. Watu wa usalama walisema aliyekutwa na valizi ndiye mwenye valizi, kwa hiyo gaidi ni yeye. Waliozuia kilio chake ni hao. Mama Monga, muuza samaki mnene mwenye sauti ya kengele, ambaye alikuwa amekaa juu ya benchi lenyewe lililokuwa na valizi chini yake, aliwaendea mpaka ofisini kwao.

"Kalenga hakukuwaka na valizi yake hata siku moja!" aliwaambia. "Kamina yote inajua. Na kama ilikuwa yake, angekimbia sababu gani? Muntu anakimbiaka na kintu yake?"

Walimwandikia maelezo yake, wakamwomba atoke taratibu. Kwa upande mwingine walikuwepo wafiwa wa wale sita, ambao hawakujali valizi ilikuwa ya nani. Walijua tu nani aliyeileta bombani.

Mwaka ulipotimia, Mkubwa wa mji akaamua tuwakumbuke marehemu hadharani, palepale stesheni, na wageni watoke Lubumbashi. Aliniita akanipa karatasi yenye majina sita.

"Chef, bantu balikufa saba," nikamwambia.

"Protokole, liste ya ba victimes haiwezi kuwa na mwizi."

"Bombe haikuuliza muntu attestation, karatasi ya mwenendo muzuri, chef."

Akagonga karatasi kwa kidole. "Utasoma sita. Na ile minute yenu, safari hii iwe minute ya kweli. Bageni beko na masaa ku mikono."

Siku mbili kabla ya sherehe, mama mmoja aliingia ofisini, kitenge kimefuliwa mpaka maua yake hayaonekani. Nilimjua kwa sura. Alikuwa Mama Umba, mama yake Kalenga, mkulima wa mihogo. Tangu mwaka ule watu walipita mbele ya mihogo yake sokoni kana kwamba nayo ingelipuka.

"Ikala, mama," nikamwambia, nikimsogezea kiti.

"Sitaikala. Weye njo unasomaka majina?"

"Njo minyi," nikakubali.

"Jina ya Kalenga iko mu liste?"

"Haiko, mama."

Hakulia. Nilitamani alie, maana mtu anayelia najua namna ya kumpokea. "Sikia, tata," akasema. "Kama unasoma jina yake, njo mutoto wangu alikufa. Kama hausome, njo aliua bantu."

Akaongeza, "Sisemi alikuwa muzuri. Hata minyi aliniibiaka sufuria. Lakini kuua, hapana."

Alipotoka nilifanya jambo ambalo nawashauri msilifanye: nilikwenda kutafuta ruhusa mahali ambapo haikuwepo. Nilifikiri kama mfiwa mmoja mwenye heshima angekubali, Mkubwa naye angelegea. Nikaenda kwa Mwalimu Banza, Mmethodisti, mwalimu wa hesabu, ambaye mkewe Ngoie alikufa bombani akiwa na ndoo mkononi. Alinifungulia mlango na kunikaribisha, na kabla sijasema neno akanizuia kwa kiganja.

"Minajua unakuja sababu ya nani. Kama angeiacha ile valizi kule ilikuwa, Ngoie angekuwa hapa."

"Ni kweli, Mwalimu. Na bale bamama bote ba mu chumba?"

"Balikuwa bengi kupita sita. Minajua. Nafundisha calcul miaka makumi mbili." Akatazama dirishani. "Lakini bibi yangu haiko calcul."

Kisha akanipa chai. Wamethodisti wa Kamina hata wakikukatalia, wanakukatalia na chai. Niliinywa ikaniunguza, nikaaga, kwa sababu alikuwa na haki yake, na mama yule pia alikuwa na haki yake, na mimi nilikuwa na karatasi yenye majina sita.

Asubuhi ya sherehe nilijaribu viti vyote vya mbele, nikijitikisa. Wageni wakafika. Wakafika pia askari wa nchi rafiki waliokuwa wakikaa kambini, wakaja na viti vyao wenyewe, jambo ambalo mpaka leo sijui lingetatuliwaje. Mchungaji aliomba kwa urefu. Padri, asije akaonekana ana imani ndogo, aliomba kwa urefu uleule, kisha akarudia kwa Kifaransa.

Katikati ya maombi hayo Mama Umba akaja, akapita mbele ya watu wote, akaketi mstari wa mbele kwenye kiti kilichokuwa wazi, kando ya Mwalimu Banza. Mwalimu hakugeuka, lakini shingo yake ilikakamaa. Mkubwa alinitazama kwa nyusi. Nyusi za Mkubwa zilikuwa nene na zilitoa amri vizuri kuliko mdomo wake. Nikaenda, nikainama.

"Mama, hii kiti iko ya madame wa mugeni."

"Iko wapi, huyu madame?"

"Hakukuja."

"Akikuja, nitasimama."

Nimesoma kanuni za protokole kutoka mwanzo hadi mwisho. Jibu la neno hilo halimo. Nikarudi mahali pangu, na nyusi nikaziacha ziendelee.

Nikasoma majina sita, kila moja na kazi yake, na kila lilipotajwa jamaa zake walisimama. Fundi cherehani. Muuza makaa. Karani wa reli. Nilipofika kwa Ngoie, mkunga, Mwalimu alisimama peke yake, amenyooka kama rula. Kisha nikatangaza dakika ya kunyamaza, wote wakasimama, nikainua saa yangu.

Ilipofika sekunde ya kumi na mbili, Kamina nzima ikakohoa na kutaka kuketi. Sikusema merci. Watu wakanitazama. Sekunde ya ishirini, mahali fulani nyuma, mama mmoja akaanza kuguna kidogo, kwa tahadhari. Wengine wakaanza kuangaliana kwa pembe za macho. Wageni wa Lubumbashi walikuwa wameinamisha vichwa, wametulia kabisa, na naona wapo wanaowashuku hadi leo. Sekunde ya thelathini ndipo sauti ya kengele ikalia kutoka upande wa maghala.

"Kalenga! Weye Kalenga! Parapluie yangu iko wapi?"

Vichwa vya wageni vikainuka vyote pamoja.

"Uliniibaka ule mwavuli mwezi wa saba!" Mama Monga aliendelea, mikono kiunoni. "Mvua haikukuwa! Ulikuwa unataka kufanya nini nayo?"

Mtu akacheka, akajiziba mdomo. Lakini lango lilikuwa limekwisha funguka.

"Na redio ya bwana yangu!" mama mwingine akapaza sauti. "Ulibeba redio, ukatuachia mapile, betri tupu! Tusikilize mapile?"

"Casquette yangu ya kazi!" Huyu alikuwa dereva wa treni, mtu mzima mwenye mvi. "Uliibaka casquette yangu, kesho yake ukaivaa, ukanisalimia nayo! Nikaitika!"

Uwanja ukaangua kicheko, watu wakajikalia bila kungoja merci, na katika kicheko hicho kulikuwa na watu wanaofuta macho. Ndipo nilipoelewa wanachofanya. Mama Monga alikuwa amepita miaka hamsini, na Kalenga hakufikisha thelathini, lakini asubuhi ile mama yule alijifanya mjukuu wake, na nyuma yake chumba kizima cha kungojea treni kikawa wajukuu. Hawakuwa wakimshtaki. Walikuwa wakimlilia. Mama Umba alijiziba mdomo kwa ncha ya kitenge, mabega yakitikisika, na sikuweza kujua kama analia au anacheka. Nadhani alikuwa akifanya yote mawili.

"Protokole!" Mkubwa alininong'oneza kwa ukali. "Uwanyamazishe!"

Nikatazama saa yangu. "Minute haiyaisha, chef."

Hapo Mwalimu Banza akasimama. Kicheko kikakatika. Kila mtu pale alijua moyo wake kuhusu Kalenga, na Mama Monga mwenyewe alishusha mikono. Mwalimu hakuwatazama watu. Alitazama chini, mbele ya viatu vyake, kama mtu anayezungumza na aliyelala.

"Kalenga," akasema. "Weye mbio ulikuwa unajua. Bote tunajua. Sasa ulikosa njia ingine? Bibi yangu alikuwa kule."

Maneno yalikuwa ya utani wa wajukuu. Sauti haikuwa ya utani. Hakuna aliyecheka, na wala hakuna aliyelia.

Mama Umba akajibu bila kugeuza kichwa, polepole, kama wanavyoongea majirani wawili waliokaa benchi moja. "Mwalimu, kwetu iko kule. Kila kintu aliibaka, alikuwa ananiletea minyi kwanza. Ile siku alikuwa anarudia ku nyumba."

Mwalimu alibaki amesimama. Kisha akaketi, akaweka mikono magotini.

Hakuna aliyeniamuru. Barua ya onyo niliyoandikiwa kesho yake ninayo katika kabati, imeandikwa vizuri, na kila neno lake ni kweli. Nilileta mikrofoni mdomoni, nikasoma jina ambalo halikuwa kwenye karatasi. "Kalenga, mwana wa Umba." Nikakwama hapo. Wale sita wote niliwataja na kazi zao, na watu walikuwa wakingoja. "Wa mizigo," nikasema, "pale gare ya treni." Mgeni mmoja kutoka Lubumbashi akatoa kalamu, akaandika.

Jina likitajwa, jamaa husimama. Nyuma kule Mama Monga alikuwa wima tayari, na dereva wa treni, na yule wa redio, na akina mama wa samaki mstari kwa mstari. Mama Umba naye akataka kusimama. Magoti yake hayakuwa mazuri, na mapajani alikuwa na sakoshi nyeusi, mkoba wa zamani uliofungwa kwa kamba. Akatafuta pa kuiweka. Chini kulikuwa na vumbi, nyuma yake kulikuwa na kiti cha askari. Akaigeuza huku na huku, akaaibika, watu wote wakimtazama.

Mwalimu Banza akanyoosha mkono. Hakumtazama. Akaipokea ile sakoshi, akaiweka mapajani mwake, akaishika kwa mikono miwili mpaka mama alipoketi.